Kihispania cha Daktari na Mahali Kinapokomea

Kesi ya Madrigal dhidi ya Quilligan ilisikilizwa Los Angeles mwaka 1978. Waliofungua shauri walikuwa wanawake kumi wenye asili ya Mexico, na aliyeipa kesi jina ni mmoja wao, Dolores Madrigal. Walikuwa wamejifungua katika hospitali kubwa ya umma ya kaunti ya Los Angeles, na walipotoka wodini mirija yao ya uzazi ilikuwa imeshafungwa. Baadhi yao walipewa fomu ya Kiingereza na kutakiwa kutia sahihi wakiwa katikati ya uchungu. Jaji Jesse Curtis aliwapa ushindi madaktari. Alisema kilichotokea ni kuvunjika kwa mawasiliano kati ya wagonjwa na waganga wao, na kwa maoni yake hapakuwa na wa kubeba lawama.

Naanza na kesi hii kwa sababu kozi za Kihispania kwa madaktari na wauguzi wa Marekani mara nyingi huelezwa kama jambo la ukarimu: daktari ajifunze kusalimia, aulize panapouma, mgonjwa atabasamu, na kila mtu aende zake ameridhika. Wanawake wale kumi hawakupungukiwa salamu. Walinyimwa nafasi ya kuelewa wanachokubali kabla kisu hakijawagusa, na mwishowe wakaambiwa na mahakama kwamba ubaya ule haukuwa na mtendaji. Basi anayefundisha Kihispania hospitalini anafundisha nani ana haki ya kusikika. Asipolijua hilo, kozi yake itakuwa orodha ya maneno ya viungo vya mwili.

Miezi michache baada ya hukumu, serikali ya shirikisho ilitoa kanuni mpya kuhusu kufunga kizazi kwa fedha za umma. Zipite siku 30 kati ya sahihi na upasuaji. Mwanamke awe ametimiza miaka 21. Ridhaa isichukuliwe wakati wa uchungu. Na kama haielewi lugha ya fomu, apatikane mkalimani. Zisome tena kanuni hizo. Kila moja ni jibu la jambo lililowahi kumpata mtu.

Sheria iliyotangulia zote ni ile ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza kila anayepokea fedha za serikali ya shirikisho kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco waliofundishwa kwa Kiingereza wasichokielewa, ilionyesha kwamba lugha imo ndani ya katazo hilo. Rais Clinton alitoa amri ya utekelezaji mwaka 2000. Sheria ya afya ya 2010, iliyopitishwa wakati wa Obama, ikaja na kifungu chake cha kupinga ubaguzi, na kanuni zake za 2016 zikakataza hospitali kumtegemea mtoto aliyemsindikiza mzazi awe mkalimani, isipokuwa kwenye dharura. Machi 2025 Rais Trump aliifuta amri ya Clinton na kukitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo sheria zilizopitishwa na Bunge hazifutwi kwa amri ya rais. Hospitali inayopokea fedha za umma bado inadaiwa kueleweka.

Na wanaodai ni wengi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wenye asili ya Kihispania au ya Amerika ya Kilatini nchini humo, na wanaozungumza Kihispania nyumbani wamepita milioni 40. Wengi wao wanajua Kiingereza vizuri. Mamilioni hawakijui kiasi cha kujieleza mbele ya daktari. Muuguzi wa Houston, Miami, Chicago au Fresno hahitaji kuambiwa hayo, kwani anakutana nayo kila zamu.

Shule za udaktari zimeitikia. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2021, ulioongozwa na Pilar Ortega, daktari wa Chicago ambaye amefanya kazi kubwa kuliko wengi katika uwanja huu, ulikuta asilimia 78 ya shule zilizojibu zina mafunzo ya Kihispania cha tiba kwa namna fulani. Tatizo liko kwenye hayo maneno mawili, “namna fulani”. Shule zilizokuwa na mwalimu maalumu, mtaala ulioandikwa, mtihani na alama zinazohesabika zilikuwa karibu moja kati ya tano. Kwingine huenda ni kikundi cha wanafunzi kinachokutana saa ya chakula cha mchana, kikiongozwa na mwanafunzi mwenzao, na mwisho wa muhula hakuna anayewaambia kama wanaweza kumhudumia mtu au la.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa hilo la kutoambiwa ndilo linaloumiza watu.

Kuna tafiti mbili za zamani ambazo kila anayeandaa kozi ya namna hii angepaswa kuzisoma siku moja, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilichapishwa mwaka 1995. Madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa dharura walipewa kozi ya saa 45 ya Kihispania cha tiba, kisha mazungumzo yao na wagonjwa yakachunguzwa. Makosa madogo yalionekana katika zaidi ya nusu ya mazungumzo. Makosa makubwa, kama vile kukosea muda ambao dalili zimedumu, yalionekana katika asilimia 14. Saa 45 si kidogo kwa daktari aliye mafunzoni, mtu anayelala pale anapopata nafasi. Walijitahidi, wakafika mahali pa kuzungumza, na wakikosea hawakuwa na njia ya kujua kwamba wamekosea.

Ya pili ilichapishwa mwaka 2002. Madaktari tisa wa dharura ya watoto walisoma Kihispania wiki kumi, saa mbili kila wiki. Watafiti walizilinganisha familia zilizohudumiwa kabla ya kozi na zilizohudumiwa baada yake. Baada ya kozi familia ziliridhika zaidi: zilisema kwa mkazo zaidi kwamba daktari aliwajali, aliwaheshimu, aliwasikiliza, aliwafanya wajisikie nyumbani. Matokeo mazuri hayo, na siyadharau hata kidogo. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa usiku wa manane anastahili kusikia neno la lugha yake kutoka kwa aliyevaa koti jeupe. Lakini kuna takwimu nyingine katika utafiti huohuo. Kabla ya kozi mkalimani aliitwa katika asilimia 55 ya mahudhurio hayo. Baada ya kozi, asilimia 29.

Ziweke pamoja. Kozi fupi inampa daktari Kihispania cha kumpendeza mgonjwa. Humohumo inampa ujasiri wa kuachana na mkalimani. Na lugha aliyonayo bado haijatosha kumzuia asikosee. Kuridhika kwa mgonjwa hakuwezi kutufunulia kosa hilo. Mama akisema mtoto anaharisha tangu wiki tatu zilizopita na daktari akaandika siku tatu, mama hataona kilichoandikwa. Ataondoka akisema daktari huyu ni mtu mwema, naye kweli ni mtu mwema.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Kihispania kidogo ni bora kuliko kutojua kabisa. Daktari asiyejua hata neno moja hulazimika kuita mtu. Anayejua kidogo ana chaguo, na chaguo hilo hulifanya akiwa amechoka, foleni ni ndefu, simu ya wakalimani haipokelewi haraka, na anajiona anaelewa. Mwaka 2009 kikundi cha mtafiti Lisa Diamond kilichapisha mahojiano na madaktari waliokuwa mafunzoni kuhusu jambo hili. Walikiri wenyewe kwamba wanajua wanapaswa kumtumia mkalimani zaidi ya wanavyomtumia, lakini hujikongoja kwa Kihispania kidogo, ishara za mikono na jamaa wa mgonjwa. Hawakuwa wazembe. Hospitali ilikuwa imewafundisha, kwa vitendo, kwamba muda ni adimu kuliko uelewano.

Sasa tuangalie lugha yenyewe, maana ugumu wake haupo pale wanafunzi wengi wanapoutafuta. Mtu mzima mwenye akili ya kawaida anaweza kukariri maswali mia moja ya kumhoji mgonjwa. Maumivu yalianza lini? Yanasambaa? Umetapika? Maswali yana mwisho. Yanaingia kwenye kadi ya mfukoni. Majibu hayana mwisho. Mgonjwa hatajibu swali la daktari kwa sentensi ya kitabuni. Ataanza na siku alipokwenda kazini, atasimulia alichokula kwa shemeji yake, atakatiza, atarudi nyuma, na katikati ya yote atatamka neno moja linaloamua uchunguzi wote. Kozi zinazotumia muda mwingi kumfundisha daktari kuuliza zinamwandalia mazungumzo ambayo hatayafuata.

Sarufi nayo ina mtego wake. Kihispania hutenga kwa maumbo tofauti ya kitenzi maumivu yaliyotokea mara moja yakaisha na maumivu yaliyokuwa yakiendelea au yakijirudia. Mgonjwa akisema “me dolió” ametaja tukio. Akisema “me dolía” ametaja hali. Msemaji wa Kiswahili anaisikia tofauti kama hiyo akilinganisha “kiliniuma” na “kilikuwa kikiniuma”, na kwa daktari wa moyo tofauti hiyo ni kubwa. Mwanafunzi wa wiki kumi hulisikia neno “maumivu” na kupitwa na mwisho wa kitenzi. Ongeza matamshi: watu wa Puerto Rico, Cuba na Jamhuri ya Dominika hudondosha sauti ya “s” mwishoni mwa silabi, na aliyejifunza kwa kanda za Mexico atakutana na mzee wa Kidominika huko New York akadhani ni lugha nyingine. Ongeza na adabu: “usted” kwa mtu mzima na mgeni, “tú” kwa mtoto na rafiki. Daktari kijana anayemwita bibi wa miaka 80 “tú” kwa kuwa ndiyo nafsi iliyokuwa rahisi zaidi darasani ameanza vibaya, ingawa bibi hatamwambia.

Halafu kuna magonjwa ambayo hayamo katika vitabu vya daktari. Familia nyingi za Mexico na Amerika ya Kati zinajua “empacho”, chakula kilichokwama tumboni mwa mtoto; zinajua “susto”, ugonjwa unaotokana na fadhaa kubwa. Msomaji wa Afrika Mashariki asishangae. Sisi tumekuwa na degedege, na tunajua watoto wangapi walipelekwa kwa mganga wakati malaria kali inapanda kichwani, kwa kuwa lugha ya nyumbani na lugha ya zahanati hazikuwa zikizungumzia kitu kimoja. Kwa empacho hatari ilionekana wazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mamlaka za afya za Marekani zilipobaini watoto waliopata sumu ya madini ya risasi kutokana na poda walizopewa kama dawa yake. Poda hizo, “greta” na “azarcón”, karibu zote ni risasi tupu iliyochanganyika na oksijeni. Daktari ambaye hajui kuuliza kuhusu empacho, tena kwa sauti isiyomfanya mama ajione mshamba, atampima mtoto huyo kila kitu isipokuwa kile kinachomuua. Ningependa kila kozi itumie somo zima kwa jambo hili moja. Somo la kuagiza chakula mgahawani, ambalo bado limo katika vitabu vingi, linaweza kusubiri.

Je, kuna faida ya kweli daktari akikimudu Kihispania sawasawa? Ipo, na inapimika. Mwaka 2017 watafiti waliofuatilia wagonjwa wa kisukari wa Kilatino wasiojua Kiingereza vizuri, katika mfumo wa huduma za afya wa Kaiser Permanente wa kaskazini mwa California, waliwaangalia waliobadilisha daktari. Waliotoka kwa daktari asiyejua Kihispania kwenda kwa anayekijua, idadi ya wenye sukari iliyodhibitiwa iliongezeka kwa karibu asilimia 10 kuliko kwa waliotoka kwa asiyejua kwenda kwa asiyejua mwenzake. Kisukari ni ugonjwa wa mazungumzo. Unadhibitiwa kwa habari za chapati za mahindi, za zamu za usiku, za bei ya dawa, za kuchoka kujichoma sindano. Mgonjwa anaposimulia hayo bila kupitia mtu wa tatu, na daktari akayafuata yote, mwili unajibu.

Lakini tukumbuke, hao walikuwa madaktari wanaozungumza Kihispania. Hawakuwa madaktari wa wiki kumi. Kosa la sera ni kuchukua faida za hao wa kwanza na kuzitumia kuwatangazia hao wa pili.

Ni nani basi atakayetenganisha? Wengi hudhani daktari mwenyewe anajijua. Diamond na wenzake walilichunguza hilo, matokeo yakatoka mwaka 2014. Waliwalinganisha madaktari walivyojipima wenyewe na walivyofanya kwenye mtihani wa kuzungumza. Waliosema hawajui kitu walikuwa hawajui, na waliosema wanajua sana walikuwa wanajua. Wa katikati, wale waliojiandikia “wastani” au “vizuri”, walitawanyika kotekote: wengine walistahili kumhudumia mgonjwa peke yao, wengine hawakustahili kabisa, na maneno waliyojieleza nayo yalikuwa yaleyale. Sasa, wahitimu wa kozi karibu wote wanaangukia hapo katikati. Kozi isiyo na mtihani inawazalisha kwa wingi watu ambao hali yao haijulikani, kwao wenyewe na kwa mwajiri.

Mitihani ipo. Kaiser ilibuni wake, unaofanywa kwa simu, ukimpima daktari kwa mazungumzo ya kliniki. Ortega, Diamond na wenzao wameandaa jedwali la kumtazama mwanafunzi akizungumza na mgonjwa wa kuigiza na kumpa alama kwa uelewa, ufasaha, msamiati, sarufi na mawasiliano. Gharama ya kumpima mtu ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kesi moja. Kinachokosekana ni ujasiri wa kumwambia daktari bingwa, aliyezoea kufaulu tangu utotoni, kwamba Kihispania chake hakijafika. Nadhani uoga huo, kuliko ukosefu wa fedha, ndio unaoziacha shule nyingi zikitoa vyeti vya kuhudhuria.

Wapo pia wanafunzi ambao Kihispania ni cha mama zao. Hao huwekwa darasa moja na wanaoanza, au huambiwa hawahitaji darasa lolote. Vyote viwili vinawadhulumu. Wana sikio, wana matamshi, wanajua kunyamaza pale mzee anapozungumza. Hawana maneno ya kueleza kemotherapi, dripu au nimonia kwa lugha ambayo waliitumia jikoni tu. Wengine walikuwa wakalimani wa familia tangu wakiwa shule ya msingi, wakiwatafsiria wazazi wao majibu ya vipimo ambayo mtoto hapaswi kuyabeba. Wanapofika wodini wakiwa wanafunzi wa udaktari, historia inajirudia: huitwa na kila timu, mchana na usiku, wakalimani bila malipo, bila mafunzo, na wenzao wakati huo wanajifunza kushona vidonda. Programu yenye heshima ingewapa kozi yao wenyewe ya kiwango cha juu, ingewapima, ingewalipa, na ingewapa haki ya kukataa.

Na mkalimani? Watu wengi wanaotetea kozi za Kihispania humzungumzia kama kikwazo ambacho kozi itakiondoa. Glenn Flores, daktari wa watoto, ameonyesha kwa nini hilo halifai, lakini pia kwa nini mkalimani wa hivihivi hatoshi. Mwaka 2003 alichapisha uchambuzi wa mahudhurio 13 ya kliniki yaliyorekodiwa: wastani wa makosa 31 ya ukalimani kwa kila hudhurio, zaidi ya nusu yakiwa ya kuacha maneno, na asilimia 63 yangeweza kuathiri tiba. Mama mmoja aliambiwa amtie mtoto amoksilini masikioni. Kwingine krimu iliyokusudiwa vipele vya uso ikatakiwa kupakwa mwili mzima. Maswali kuhusu mzio wa dawa yaliachwa tu. Mwaka 2012 alirudi na mahudhurio 57 ya idara za dharura za watoto huko Massachusetts. Kati ya makosa yote, yenye uwezekano wa kudhuru yalikuwa asilimia 12 kwa wakalimani wa kazi, asilimia 22 kwa jamaa na wapita njia, na 20 pasipo mkalimani yeyote. Kwa wakalimani waliosomea saa 100 au zaidi yalikuwa asilimia 2.

Saa mia moja. Tofauti kati ya hasara na usalama ni mafunzo ya wiki chache kwa mtu ambaye tayari anazijua lugha zote mbili. Ukinipa bajeti ya hospitali moja na kuniambia nichague, nitaanza na wakalimani hao, kisha nitawafundisha madaktari Kihispania. Na katika Kihispania hicho nitatia somo la kufanya kazi na mkalimani: kumtazama mgonjwa usoni badala ya mkalimani, kumsemesha mgonjwa mwenyewe, kukata maneno mafupi, kusubiri. Daktari anayejua Kihispania kiasi ana nafasi nzuri hapo, kwani anaweza kufuatilia, akasikia jibu refu limerudi kwake likiwa fupi mno, akauliza tena. Hayo ndiyo matumizi bora ya Kihispania cha katikati, na sijaona kozi nyingi zinazoyasema wazi.

Nitatia pia sentensi ya kusimama. Kihispania chake ni “Quiero entenderle bien, voy a llamar a un intérprete”: nataka nikuelewe vizuri, naita mkalimani. Kila mwanafunzi aikariri na kuizoea mbele ya mgonjwa wa kuigiza mpaka aweze kuisema bila kuona haya, katikati ya mazungumzo yanayokwenda vizuri, panapotajwa upasuaji, ridhaa, kifo au dozi mpya. Mtihani wa mwisho uwe na mahali ambapo anayeendelea peke yake anaanguka.

Jambo jingine halihusu Kihispania, na kwa sababu hiyo husahaulika. Katika mashamba ya California wapo wafanyakazi kutoka kusini mwa Mexico ambao lugha yao ni Kimixteco, Oakland wapo watu wa Guatemala wanaozungumza Kimam, kwingine Kik'iche'. Daktari aliyefurahia kozi yake huona sura, huona jina, huanza Kihispania. Mgonjwa anaitikia kwa kichwa kwa sababu Kihispania ni lugha ya mamlaka tangu kwao, na kuitikia kumemsaidia siku zote. Swali la kwanza la kila hudhurio linapaswa kuwa lugha gani anaipendelea, na jibu liandikwe kwenye faili ili asiulizwe upya na asidhaniwe.

Hapo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaingia wenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa miongoni mwa nchi zinazotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani katika miaka ya karibuni, na wengi wao hukalimaniwa kwa Kiswahili kwenye simu. Mgonjwa ni wa Fizi au Uvira, sauti ya upande wa pili ni ya mtu wa Nairobi au Tanga, na kati ya Kiswahili cha mashariki mwa Kongo na chetu cha pwani kuna maneno ambayo hayakutani. Kwa Mnyamulenge, Kiswahili huenda ni lugha ya pili, kama Kihispania kwa Mmam. Hospitali zilizojifunza kwa Kihispania kuuliza, kupima na kulipa zingeweza kuyafanya hayohayo kwa Kiswahili kesho. Zilizojifunza salamu tu hazina cha kuhamisha.

Na tumewahi kulikalia suala hili upande wa pili wa meza. Mwaka 2018 Kenya ilipokea madaktari 100 kutoka Cuba na kuwatawanya katika kaunti, watu wa Kihispania wakiwahudumia watu wa Kiswahili, Kikamba, Kisomali na Kiturkana. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuumaliza mpango huo. Mjadala wetu wakati wote ulikuwa juu ya mishahara, usalama na madaktari wetu wasio na ajira, na yalikuwa maswali halali. Kuhusu lugha tuliuliza kidogo mno. Mkataba mwingine wa aina hiyo ukija, Kenya au Zanzibar, wizara ionyeshe kabla ya ndege kutua mtihani ambao daktari mgeni ataufanya: amsikilize bibi wa Kitui akieleza kifua chake kwa dakika tano bila kukatizwa, kisha aandike alichoelewa, na alichoandika kisahihishwe na bibi mwenyewe. Ionyeshe pia mstari wa bajeti wa mkalimani wa kila hospitali, mtu aliyesomea na anayelipwa, ili muuguzi asiitwe kutoka kwa wagonjwa wake wengine kuifanya kazi hiyo.